Kichupa Hiki ni cha Nani? Hotuba kuhusu kuhifadhi seli za gegedu

Waheshimiwa walimu, madaktari wetu wa mifupa mliotoka wodini kuja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi wa maabara ambao ndio hasa nimewafuata hapa Arusha: asanteni kwa mwaliko.

Nimeombwa nizungumzie namna seli za gegedu ya binadamu zinavyohifadhiwa baada ya kuoteshwa maabara, zikisubiri kurudishwa kwenye goti la mgonjwa. Ndiyo kazi niliyoifanya kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, katika benki za seli huko Ulaya, na ni kazi ninayoipenda. Neno langu kwenu nalitanguliza mapema: kugandisha seli si kugumu sana, mashine hugandisha. Ugumu uko siku ya kuyeyusha, pengine miaka mitano imepita, mgonjwa yuko mezani na kichupa kiko mkononi mwako, na wewe unatakiwa useme bila kusita kwamba hizi ni seli za fulani, ni za gegedu kweli, ziko hai, na bado zina uwezo wa kutengeneza gegedu.

Kwanza gegedu yenyewe. Mliokula paja la kuku mnaijua: ule weupe unaoteleza uliofunika ncha ya mfupa. Ndani ya goti la mtu mzima unene wake ni milimita chache tu, na humo hamna mshipa wa damu wala wa fahamu. Seli zake, ambazo wataalamu huziita kondrosaiti, ni chache ajabu. Kwa ujazo ni kama asilimia moja hadi mbili ya gegedu yote. Kilichobaki ni maji, nyuzi za kolajeni na protini zenye sukari, vitu ambavyo seli hizo chache zimevitengeneza zenyewe na kujizungushia. Kila seli inaishi ndani ya kijichumba chake na inakula kile tu kinachopenya kutoka kwenye ute wa kiungo. Ngozi ikikatwa, damu inakuja, na pamoja nayo vinakuja vyote vya kuziba jeraha. Gegedu ikibanduka, hakuna kinachokuja. William Hunter, daktari wa Kiskoti aliyekuwa London, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu ikishaharibika hairudi, na karne mbili baadaye madaktari walikuwa bado wanawaambia wachezaji mpira maneno hayohayo.

Mabadiliko yalianzia Göteborg, Uswidi. Mwaka 1987 Lars Peterson, Mats Brittberg, Anders Lindahl na wenzao walianza kutibu wagonjwa kwa seli za wagonjwa wenyewe. Walichukua kipande kidogo cha gegedu pembeni mwa goti, mahali pasipobeba uzito, wakakipeleka maabara na kukilainisha kwa vimeng'enya mpaka seli zikaachia. Waliziotesha kwa wiki mbili tatu, kisha wakalifungua goti na kuzidunga kwenye pengo, chini ya kiraka cha utando wa mfupa kilichoshonwa juu yake. Matokeo ya wagonjwa 23 yalichapishwa Oktoba 1994 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kati ya 16 waliokuwa na pengo kwenye ncha ya mfupa wa paja, 14 walikuwa na hali nzuri au nzuri sana miaka miwili baadaye. Kati ya 7 waliokuwa na pengo kwenye pia ya goti, ni wawili tu. Nawaomba madaktari msiisahau hiyo namba ya pili. Mara nyingi watu wa mauzo huitaja ya kwanza na kunyamaza.

Baada ya hapo ikawa bidhaa. Marekani iliidhinisha Carticel mwaka 1997, Ulaya ikaidhinisha ChondroCelect mwaka 2009, na Desemba 2016 Marekani ikaidhinisha MACI, ambamo seli hupandwa juu ya karatasi laini ya kolajeni ya nguruwe kabla ya kubandikwa kwenye pengo. Uingereza, mwaka 2017, taasisi ya NICE, inayoshauri ni tiba zipi serikali izilipie, ilikubali tiba hii ilipiwe kwa masharti: pengo lizidi sentimita za mraba 2, na goti liwe bado halijachakaa. Kwa hiyo tuelewane. Bibi wa miaka sabini ambaye magoti yake yote mawili yamesagika hahusiki na tiba hii. Anayehusika ni kijana aliyeumia uwanjani, gegedu ikabanduka mahali pamoja, na pembeni yake bado ni nzima. Mtu yeyote akikwambia ana sindano ya seli inayoponya kila goti, muulize seli hizo ni za nani na zilipimwa wapi. Asipokujibu mara moja, ondoka.

Sasa, kwa nini tuhifadhi? Seli za Carticel zikishatoka maabara zilikuwa na saa 72. Mgonjwa akiamka na homa siku ya upasuaji, au ndege ikichelewa, au chumba cha upasuaji kikachukuliwa na majeruhi wa ajali, seli zilizooteshwa kwa wiki nyingi zinaharibika ndani ya chupa. Na huwezi kumrudia mgonjwa ukamwambia tukate kipande kingine, kwa sababu kipande hicho kinatoka kwenye goti lilelile tunalotaka kuliokoa. Ukiwa na akiba iliyogandishwa, unaahirisha upasuaji, unapiga simu maabara, unapanga tarehe nyingine.

Sababu ya pili huioni mpaka uinamie hadubini. Seli ya gegedu ikitoka kwenye kijichumba chake ni ya duara. Ukiiweka kwenye chupa ya plastiki inajibandika chini; siku chache baadaye imejinyoosha na kutoa ncha; ukizidi kuigawanya na kuihamisha kutoka chupa hadi chupa, unafika mahali chupa nzima imejaa seli nyembamba zilizolala upande mmoja, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na seli zinazotengeneza kovu la ngozi. Ndani yake nako kumebadilika. Klaus von der Mark na wenzake walionyesha mwaka 1977 kwamba seli hizi zikioteshwa huacha kutengeneza kolajeni aina ya 2, ile ya gegedu, na kuanza kutengeneza aina ya 1, ile ya ngozi na makovu. Habari njema ilikuja mwaka 1982, pale Paul Benya na Joy Shaffer walipozichukua seli zilizobadilika hivyo wakazitumbukiza ndani ya agarosi, yaani jeli laini ya mwani, mahali ambapo hazina sakafu ya kujibandika. Zilirudi kuwa duara, zikaanza tena kutengeneza kolajeni aina ya 2. Lakini uwezo huo wa kurudi una kikomo, na hupungua kadiri unavyoendelea kuziotesha. Ukiniuliza seli zigandishwe lini, nitakujibu: mapema, zikiwa bado hazijahamishwa chupa mara nyingi. Sioni sababu ya kusubiri mpaka zifike milioni mia ndipo utafute nafasi kwenye mtungi wa kugandishia.

Ufundi wa kugandisha wenyewe haujatoka mbali kama mnavyodhani. Usa River, hapo jirani, kuna Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji. Mbegu za madume bora ya ng'ombe hugandishwa pale na kuhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mhimilishaji anayepita vijijini Meru na mtungi nyuma ya pikipiki amebeba elimu ileile ninayoizungumzia. Kihistoria pia mbegu za mifugo ndizo zilizotangulia. Mwaka 1949, kwenye taasisi ya utafiti wa tiba huko Mill Hill, London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wanahangaika kugandisha mbegu za jogoo kwa kutumia sukari ya matunda, na hazikuwa zinapona. Siku moja chupa iliyotoka stoo ikafanya kazi. Walipotengeneza mchanganyiko mpya wa sukari, zikafa tena. Kilichobaki kwenye ile chupa kikapelekwa kwa mkemia, na hakukuwa na sukari ndani yake. Kulikuwa na maji, protini na gliseroli. Lebo zilikuwa zimebadilishana. Hivyo ndivyo gliseroli ilivyojulikana kuwa kinga dhidi ya barafu, na mwaka 1951 akazaliwa ndama wa kwanza kutokana na mbegu zilizogandishwa. Ishikeni hiyo habari ya lebo, nitairudia.

Mwaka 1959 James Lovelock na Marcus Bishop waligundua kwamba kemikali iitwayo DMSO hupenya ndani ya seli kwa urahisi zaidi na kulinda vizuri vilevile. Na mwaka 1965 Audrey Smith yuleyule akachapisha kwamba seli zilizotolewa kwenye gegedu ya wanyama wazima huweza kugandishwa na kuyeyushwa zikiwa hai. Angalieni maneno yake: zilizotolewa kwenye gegedu. Ukigandisha kipande kizima cha gegedu, seli nyingi ndani yake hufa, kwa sababu dawa ya kinga haipenyi vizuri mpaka katikati na barafu huota humohumo kwenye nyuzi. Ndiyo maana vipande vizima vya mfupa na gegedu vinavyotolewa na marehemu kwa ajili ya kupandikizwa hukaa kwenye friji ya nyuzi 4, na muda wake ni wiki chache tu.

Seli ikigandishwa ina njia mbili za kufa, na Peter Mazur na wenzake walizieleza vizuri mwaka 1972. Ukiipoza haraka mno, maji hayapati nafasi ya kutoka na barafu huundwa ndani yake. Ukiipoza taratibu mno, maji yanatoka yote, na seli inabaki imekauka kwenye chumvi kali. Katikati ya vifo hivyo viwili kuna mwendo salama, na kwa seli za gegedu, kama zilivyo seli nyingi za binadamu, ni karibu nyuzi moja kwa dakika, zikiwa na DMSO ya asilimia 10 au pungufu. Zikifika nyuzi 80 chini ya sifuri hamjamaliza. Hapo bado kuna mabadiliko ya polepole, miezi ikipita seli zinapungua nguvu. Makao ya kudumu ni nyuzi 135 chini ya sifuri au baridi zaidi, ambapo maji yaliyobaki yamekuwa kioo na hakuna kinachosogea. Friji ya nyuzi 80 ni kituo cha njiani, na nimeona maabara zikiigeuza nyumba.

Kuyeyusha ni kinyume chake, hutakiwi kusubiri. Kichupa ni cha mililita mbili au chini ya hapo. Unakitoa kwenye mvuke wa naitrojeni, kinga ya uso usoni na glavu nene mikononi. Unasoma lebo kwa sauti, na mwenzako anasoma rejista kwa sauti. Ndipo unakishusha kwenye maji ya nyuzi 37, ukikizungusha huku kifuniko kikiwa juu ya maji. Barafu inaachia pembeni, katikati kinabaki kipande kidogo kinachoelea. Hapo hapo unakitoa, kabla kipande hakijaisha, maana DMSO iliyozilinda seli kwenye baridi huziumiza zikipata joto. Unaongeza maji ya lishe ya seli tone kwa tone. Ukimimina kwa pupa, maji yanazivamia seli na kuzipasua. Kisha unachanganya tone moja na rangi ya bluu ya tripani na kuhesabu chini ya hadubini. Seli iliyokufa hunywa rangi, iliyo hai huikataa. Kwa kawaida tunataka angalau asilimia 70 au 80 ziwe hai. Nami nawaongezea: hesabu tena kesho yake. Kuna seli zinazokataa rangi leo zikiwa tayari zimeumia, na usiku huohuo zinakufa.

Nirudi kwenye lebo. Julai 2017 Korea Kusini iliidhinisha tiba ya sindano ya goti iitwayo Invossa, ya kampuni ya Kolon Life Science. Ilikuwa na seli za aina mbili: seli za gegedu zilizotokana na mtoto aliyezaliwa na kidole cha ziada, na kundi la pili lililoongezewa jeni ya kuchochea ukuaji wa tishu. Kundi hilo la pili lilichomwa kwa mionzi kabla ya kutumika ili lisizaliane, na kwenye karatasi za kuombea kibali liliandikwa kuwa nalo ni seli za gegedu. Maelfu ya wagonjwa walidungwa. Mwaka 2019, wakati wa majaribio ya Marekani, seli hizo zikapimwa vinasaba, na kundi la pili likaonekana halikuwa gegedu hata kidogo. Zilikuwa seli za ukoo wa HEK293, seli za figo ya kijusi cha binadamu zilizogeuzwa maabara huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1973 ili zizaliane bila kikomo, na ambazo hutumika kutengenezea virusi vya kubebea jeni. Machi 31 mauzo yakasimamishwa; Mei 28 mamlaka ya dawa ya Korea ikatangaza kufuta kibali. Na kosa halikuwa la jana. Seli zilikuwa zilezile tangu kwenye benki mama, yaani akiba ya kwanza iliyogandishwa ambayo vichupa vyote vya baadaye huzaliwa kutoka kwake.

Fikirini maana yake. Miaka yote hiyo mitungi ilikuwa na baridi ya kutosha. Rekodi za joto zilikuwa safi, seli zilikuwa hai, hesabu zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni kipimo kimoja cha kuuliza: wewe ni nani? Na wagonjwa, ambao walikwenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya goti, wakaambiwa watafuatiliwa kwa miaka kumi na mitano.

Kipimo hicho si kigeni kwetu. Ni kile kinachosoma maeneo mafupi yanayojirudia kwenye vinasaba, idadi ya marudio ikitofautiana kati ya mtu na mtu. Ndiyo njia inayotumika duniani kote kwenye mashauri ya uzazi, mtu akitaka kujua baba wa mtoto ni nani, na vipimo vya vinasaba vya mashauri hayo hapa nchini hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa benki ya seli matumizi yake ni hivi: siku unayopokea kipande cha gegedu, chukua pia damu kidogo ya mgonjwa. Pima vyote viwili. Pima tena seli kabla ya kuzigandisha, pima tena kabla ya kuzitoa. Majibu yasipolingana, kichupa hakitoki, hata kama profesa amesimama mlangoni. Halafu kwa sababu figo ya mtu na gegedu ya mtu huyohuyo zina vinasaba sawa, ongeza kipimo cha pili kinachoonyesha seli zinatengeneza nini: kolajeni aina ya 2 ipo au haipo? Kipimo cha kwanza kinakujibu ni za nani, cha pili kinakujibu ni za nini.

Mitungi yenyewe ina hatari zake, nizipitie haraka. Miaka ya tisini, London, wagonjwa waliowekewa akiba ya uboho kwenye mtungi mmoja walipata homa ya ini aina ya B. Mfuko mmoja ulivuja na virusi vikasafiri ndani ya naitrojeni ya maji. Taarifa ilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995, na tangu hapo benki nyingi huhifadhi kwenye mvuke juu ya naitrojeni badala ya kutumbukiza ndani yake. Mwezi Machi 2018 matangi mawili, moja San Francisco na jingine Cleveland, yaliharibika wikiendi moja bila kuhusiana, na maelfu ya mayai na viinitete vikapotea. Cleveland kengele ya mbali ilikuwa imezimwa. Gawa akiba ya kila mgonjwa kwenye mitungi miwili, kwenye majengo mawili kama inawezekana. Na lita moja ya naitrojeni ya maji ikichemka hutoa karibu lita 700 za gesi, haina harufu wala rangi. Kwenye chumba kidogo kisicho na madirisha unaanguka bila onyo. Usiingie peke yako, na usiingie bila kifaa cha kupima oksijeni.

Najua swali lililoko vichwani mwenu: na sisi je, tununue mitungi? Mimi nasema tusianzie hapo. Tiba hii ni ghali mno, na wagonjwa wetu wengi wa magoti wanahitaji kwanza mazoezi ya viungo, dawa, na upasuaji wa kawaida unaofanyika kwa wakati. Lakini nidhamu ya kuhifadhi seli haihitaji kusubiri fedha. Rejista inayosomeka, watu wawili kwenye kila kichupa, kipimo cha utambulisho, kengele inayompigia mtu simu usiku: hayo yanafaa kwa sampuli za saratani tulizonazo leo, na kwa damu ya kitovu, na kwa chochote kitakachokuja. Atakayeyazoea sasa ndiye nitakayemwamini na goti la mwanangu kesho.

Limebaki la ridhaa, na hili nawaelekea madaktari. Mwaka 1951 huko Baltimore seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, zilichukuliwa bila yeye kuulizwa. Mwaka 1966 Stanley Gartler akaonyesha kwamba nasaba nyingi za seli zilizokuwa zinatumika maabara mbalimbali kwa majina tofauti zilikuwa seli zake, zimevamia chupa za wengine. Hakuulizwa, na jina lake halikuwa kwenye lebo. Naona ni kosa moja lenye pande mbili. Tanzania tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haikai kitandani na mgonjwa. Anayekaa naye ni wewe. Kabla hujachukua kipande cha gegedu, mwambie kwa Kiswahili anachokielewa seli zake zitakaa wapi, kwa muda gani, nani analipia, na zikibaki baada ya upasuaji zitapelekwa wapi. Muulize kama anakubali zitumike kwa utafiti, na kukataa kwake kusimpunguzie tiba. Muulize akifariki zikiwa bado kwenye mtungi, nani aambiwe. Na mwambie itakuwaje benki ikifungwa, kwa sababu kampuni hufungwa na bidhaa huondolewa. ChondroCelect yenyewe iliondolewa sokoni Ulaya mwaka 2016. Majibu hayo yaandikwe kwenye fomu, fomu ipewe namba ileile iliyoko kwenye kichupa, na nakala moja aende nayo nyumbani.